Saraka Isiyokuwepo

Kwenye kerneli ya Linux, ndani ya saraka ya mifumo ya faili, upo mstari ambao kila nikiukuta lazima nisimame niutazame:

obj-$(CONFIG_EXT4_FS) += ext4/

Hauna "kama" wala "ikiwa". Anayejenga kerneli akiamua ext4, mmojawapo wa mifumo hiyo ya faili, iwe sehemu ya kerneli yenyewe, kilichomo kwenye mabano hugeuka herufi y, na saraka nzima ya ext4 ikaingia kwenye orodha ya obj-y. Akitaka iwe moduli, herufi huwa m, nayo huenda obj-m. Asipoitaka kabisa, mabano hubaki matupu, na saraka ikatupwa kwenye orodha inayoitwa obj- basi, orodha ambayo haisomwi wakati wa kujenga. Toleo la kwanza la Make, zana inayousoma mstari huu, liliandikwa na Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, na bado mafundi wanaifanya iseme mengi kwa herufi moja.

Mimi hufungasha programu. Kwa mbali ni kazi ya kupakia mizigo: chukua hiki, weka pale, funga. Ufundi wake hasa uko kwenye saraka za hiari, maana saraka isiyokuwepo ina tafsiri mbili: haikutakiwa, au imepotea. Kompyuta haijui ni ipi mpaka iambiwe.

Nilijifunza hili vibaya. Niliandika sharti: saraka ya tafsiri ikiwepo, iingie kwenye kifurushi, isipokuwepo, endelea. Vidole vikaandika "tasfiri". Ujenzi ukapita, kijani tupu. Watu waliozoea programu ile kwa Kiswahili wakaifungua wakakuta Kiingereza. Safari nyingine tatizo lilikuwa Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, ambayo haitunzi saraka tupu: kwangu ilikuwepo, kwenye seva haikufika.

Ndiyo maana naupenda ule mstari. Hauulizi kama ext4 ipo kwenye diski, unauliza kama kuna aliyeitaka. Ikitakiwa halafu saraka ikakosekana, ujenzi unagoma palepale.

Sasa na mimi huandika chaguo langu juu kabisa ya faili, tafsiri ndiyo au hapana. Nikiweka hapana, kumbukumbu ya ujenzi huandika: saraka ya tafsiri imeachwa kwa kuombwa. Huutafuta mstari huo kwa macho yangu kabla sijatuma kifurushi.