Bahari iliyokatwa katikati

Wengi wetu tulifundishwa kwamba katika foto ya nchi, mstari wa maji na mbingu usikate picha katikati. Ushuke au upande hadi theluthi. Mwingereza John Thomas Smith aliandika kanuni hiyo mwaka 1797, naye alisema habari za picha za kuchorwa, maana foto zilikuwa hazijazaliwa.

Basi Mjapani Hiroshi Sugimoto, tangu 1980, amepiga bahari nyingi za dunia, nyeusi na nyeupe, na mstari wapita katikati kabisa. Hakuna mtumbwi, hakuna ndege, hakuna pwani. Je, ni kosa? Sisi twasema hapana. Smith alikataa sehemu mbili zilizo sawa, kwa kuwa sharti moja iwe mkubwa na nyingine mdogo wake. Kumbe Sugimoto ataka maji na hewa tu, pasipo mkubwa, kama mtu wa kwanza alivyoweza kuviona.

Lakini kumwiga ni hatari. Sisi wenyewe, kando ya Tanganyika, tulikata nusu kwa nusu: chini maji matupu, juu mawingu mazito ya masika. Mawingu ndiyo yaliyotuita, nasi tukayanyima nafasi! Hapo Smith angalitufaa.

Na kwa Sugimoto pia tuna neno. Foto moja yanyamazisha mtu. Zikipangwa nyingi ukutani, ile katikati yake yageuka kanuni nayo, hata twatamani mstari upotee. Katika zile za ukungu umekaribia kupotea, nazo ndizo tunazokawia mbele yake.