Mgeni Ndani ya Ndoa: Riwaya Mbili za Gurnah na Shajara Zetu

Tangu Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, suali moja limekuwa likirudi katika mabaraza ya watu wetu, Maskati na London: mwandishi huyu anatusema au anatusemea? Kwa ajili ya suali hilo tumezisoma upya riwaya zake mbili, Admiring Silence ya 1996 na Desertion ya 2005. Zote mbili zinahusu mapenzi na ndoa baina ya watu wa asili mbalimbali. Rai yetu ni kwamba anatusemea pale ambapo shajara zetu zimenyamaza, ingawa na yeye ana pahala pake pa kunyamaza.

Tuanze na Desertion. Mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, Hassanali mwenye duka anamkuta alfajiri Mngereza aliyechoka hoi, anamchukua nyumbani kwake. Mngereza huyo, Martin Pearce, anakuja kupendana na Rehana, dada wa Hassanali. Rehana baba yake ni Mhindi na mama yake ni mwanamke wa pwani, na mume wake wa kwanza, mfanyabiashara wa Kihindi, alisafiri asirudi tena. Pearce naye anaishi na Rehana Mombasa kwa muda, kisha anakwenda zake kwao. Miaka hamsini na zaidi baadaye, Unguja, kijana Amin anampenda Jamila, mjukuu wa Rehana. Wazee wa Amin, walimu wawili waliosoma na wenye heshima zao, wanamkataza. Sababu yao ni bibi yake: aliishi na Mzungu.

Hapa ndipo msomaji wetu anapokunja uso, na tunaona ni haki akunje. Wazee wa Amin si watu wabaya. Ni watu kama wazee wetu, waliopigania elimu ya watoto wao na kuwalea kwa adabu. Gurnah hakuwafanyia kejeli, na nguvu ya kitabu imo humo humo. Anayemfanya Jamila mgeni katika mji aliozaliwa si serikali ya kikoloni wala polisi. Ni watu wema, kwa sauti ya chini, ndani ya nyumba.

Mwanahistoria anaijua kawaida hii kwa jina lake. Kafaa, yaani kulingana kwa mume na mke, ni mlango maarufu katika fikihi, na katika pwani yetu nasaba ilipewa uzito mkubwa ndani yake. Lakini mizani hiyo ilipima upande mmoja tu. Mwanamme alikuwa na ruhusa ya kuoa atakako, au kuweka suria, na mtoto akawa wa kabila la baba. Sayyida Salme anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba watoto wote aliowaacha Sayyid Said bin Sultan walikuwa wana wa masuria. Mama yake mwenyewe alitoka Circassia, na mama wa Sayyid Barghash alikuwa Mhabeshi. Hakuna aliyethubutu kuwaita watoto wale wageni. Mwanamke alipotoka nje ya mstari, hukumu ilikuwa nyengine. Rehana na Salme wanakutana hapo, mmoja wa kubuniwa na mmoja wa kweli.

Salme aliondoka Unguja mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867 na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mume akafa mwaka 1870, akabaki na watoto watatu katika nchi ya baridi. Aliporudi Unguja mwaka 1885, kaka yake Barghash hakukubali kumpokea. Huko Ujerumani alibaki binti mfalme wa Mashariki wa kutazamwa, na kwao akawa aliyepotea. Lakini Salme aliandika. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1886, na barua alizoziacha, zilizochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake, zinasema wazi uchungu wa kuishi kwa lugha isiyo yako na kwa chakula kisicho chako.

Kwa hivyo tuna lawama moja kwa Gurnah. Msimulizi wa Desertion, Rashid, ndugu yake Amin, anafika pahala anakiri kwamba hajui Pearce na Rehana walianzaje. Huo ni uaminifu, na kila aliyefanya kazi na nyaraka atauheshimu. Hakuna daftari la kadhi linaloandika namna macho yalivyokutana. Lakini uaminifu huo unafaa kwa mwanzo tu. Miaka ya Rehana baada ya kuachwa, na mtoto mkononi na jirani dirishani, tunapewa kwa uchache, kama habari iliyosikiwa njiani. Miaka hiyo ilikuwa na mashahidi wengi, na mtunzi aliyeweza kuingia katika moyo wa Hassanali alfajiri ile angeweza kuingia na humu. Salme ametuonyesha kwamba sauti ya mwanamke wa namna hiyo inawezekana kusikika.

Katika Admiring Silence Gurnah anamgeukia mwanamme wa ughaibuni, na hapo hakosei. Msimulizi, asiyetajwa jina, anaishi Uingereza na Emma, wamezaa binti, Amelia. Kwa baba yake Emma anatunga hadithi za dola la Kiingereza ambazo mzee anapenda kuzisikia. Kwa Emma anatunga hadithi za kwao. Kwa mama yake Unguja hasemi kabisa kwamba ana mwanamke na mtoto, na kimya hicho kinadumu miaka na miaka. Akirudi, anakuta jamaa wamekwisha kumchagulia mchumba. Hatimaye Emma anamwacha. Ubaguzi wa Waingereza upo kitabuni, lakini uongo wake mwenyewe ndio uliomfanya asiwe na kwao huku wala kule.

Kwa Kiswahili tunacho cha kulinganisha. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999), Yasmini, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima sana kwake, anamkimbia. Watu wake wanamfungia mlango, na anayemfungulia ni Mwajuma wa Ng'ambo. Shafi anaamini kwamba mgeni anaweza kupokewa. Gurnah haamini hivyo.

Tunajua kwa nini baadhi ya familia hazitaki mazungumzo haya. Mwaka 1970 wasichana wa asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa serikali Unguja, na tangu hapo maneno "kuchanganya damu" yana kidonda. Lakini nikahi bila ya ridhaa ya bibi arusi ni dhulma, na haiwezi kuwa hoja dhidi ya Amin na Jamila, waliotakana kwa khiari yao wakazuiwa.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika aila zetu wamo wake wa Kihindi, wa Kingazija, wa Kinyamwezi na sasa wa Kiingereza, waliolishika jembe hilo miaka thelathini, na bado katika shajara hawana hata jina. Zinapoletwa kwetu kuchapishwa, tunaomba kila mama aandikwe kwa jina lake, la baba yake na mji aliotoka. Wengine wana watoto wao hai, wanaweza kuulizwa leo.