Jembe Katika Ushairi Wetu na Ujuzi wa Mkulima

Tangu Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, neno kujitegemea limeimbwa, limeghaniwa na limeandikwa mno katika lugha yetu. Azma ya makala haya ni kulipima neno hilo katika fasihi iliyolibeba, hasa mashairi na ngonjera, na kuuliza swali moja: je, fasihi hiyo ilimwonyesha mkulima kama alivyo, yaani mtu mwenye mikono na akili, au ilituonyesha mikono tu? Jibu letu ni kwamba, kwa sehemu kubwa, ilituonyesha mikono. Upungufu huo si wa sanaa peke yake, kwani umewafundisha vijana wetu kuitazama ardhi kama mahali pa jasho, wala si mahali pa elimu.

Tuanze na jembe lenyewe. Katika mashairi ya kuhimiza kilimo, jembe ndilo mfalme. Sababu ya kwanza ni ya kitaifa: jembe limo katika Ngao ya Taifa pamoja na shoka. Sababu ya pili ni ya kiufundi, nayo yajulikana na kila mtunzi. Neno jembe lina kina chepesi. Mshairi akishaliweka mwisho wa kipande, ng'ombe, sembe, pembe na viumbe humjia vyenyewe bila kuitwa. Lakini kina kikipatikana kwa wepesi mno, wazo huachwa nyuma, na beti hujaa sauti pasipo maarifa.

Sababu ya tatu ni methali. Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima," na tena, "Achanikaye kwenye mpini hafi njaa." Maneno hayo ni ya kweli kwa upande wa juhudi. Walakini mtu aweza kuchanika kwenye mpini msimu mzima akilima matuta yanayofuata mteremko, kisha mvua moja kubwa ikateremsha bondeni udongo wake pamoja na mbegu. Huyo hakukosa juhudi. Alikosa ujuzi, au aliunyimwa.

Tuitazame sasa ngonjera. Marehemu Mathias Mnyampala alifanya kazi kubwa ya kuieneza, na vitabu vyake vya Ngonjera za Ukuta, vilivyotoka mwaka 1970 na 1971, viliwapa walimu chombo chepesi cha kufundishia siasa ya nchi. Hatuna nia ya kuipunguza heshima hiyo. Tunachohoji ni umbo. Katika ngonjera, mara nyingi mmoja hajui na mwingine anajua, nao hujibizana mpaka asiyejua akubali. Umbo hilo lilipochukuliwa na watunzi wa kufuata mkumbo likapelekwa shambani, asiyejua alikuwa nani? Takribani daima alikuwa mkulima, na mjuzi alikuwa mgeni aliyetoka mjini. Hivyo, kabla mkulima hajafungua kinywa, umbo lilikwisha kumhukumu.

Lakini mkulima wetu alijua nini? Twende Mbinga, kwa Wamatengo, wanaolima katika milima yenye miteremko mikali. Kilimo chao huitwa ngoro. Nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana hata zikafanya miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika nyasi hizo, pakabaki shimo lililozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kukimbia. Hutuama shimoni na kuzama polepole, na udongo uliochukuliwa huishia papo hapo. Nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Maharage hupandwa juu ya matuta, na baadaye mahindi huyafuata. Mlima unaotazamwa kutoka mbali waonekana kama sega la nyuki.

Twende Kilimanjaro tukakione kihamba. Juu husimama miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe hulishwa zizini kwa majani na vigogo vya migomba, na samadi yake hurudi migombani. Maji hushushwa kutoka mlimani kwa mifereji inayotunzwa na watu kwa zamu na makubaliano. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikiingiza kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani.

Twende hatimaye Ukara, kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria chenye watu wengi kwa ardhi yake. Wakara walizoea kufunga ng'ombe ndani, kuwakatia majani, kukusanya samadi na kuipeleka shambani. Katika uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, si wa kuliwa, bali wa kufukiwa ili urutubishe udongo.

Huko Australia, mwaka 1978, Bill Mollison na David Holmgren walichapisha kitabu kilichoeleza kilimo cha kudumu: kilimo kinachoiga msitu, kinachochanganya mimea na mifugo, kisichotupa kitu. Kitabu hicho kilisifiwa sana, na kwa haki. Lakini msomaji aliyekwisha kukitembelea kihamba atatambua mengi humo. Kwa nini basi mwanafunzi wetu amefundishwa mambo hayo kana kwamba yamekuja na meli? Kwa sababu fasihi aliyoikariri ilimpa jembe, haikumpa ngoro.

Si kwamba waandishi wetu wote walilala. Riwaya ya Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1979, inasimulia kuanzishwa kwa kijiji cha ujamaa, ukaidi wa wenyeji na nguvu iliyotumika juu yao. Mwandishi huyo alizaliwa Ukerewe, jirani ya Ukara. Kwake, mwanakijiji anayekataa si mjinga wa ngonjera. Ana sababu zake, nasi tunalazimika kuzisikia. Kati ya mwaka 1973 na 1976, Operesheni Vijiji ilipokusanya watu, mahali pengi nyumba zilikaa karibu na barabara na mashamba yakabaki mbali. Samadi haibebwi kwa urahisi mwendo wa saa nzima. Shule, zahanati na maji ya bomba vilikuwa haja ya kweli. Lakini palipovunjwa uhusiano wa nyumba, zizi na shamba, pamevunjwa pia elimu iliyokaa ndani yake. Shairi la kumsifu jembe halikuweza kuliona jambo hilo, maana jembe huchukuliwa begani popote, udongo hauchukuliki.

Hata hivyo tujihadhari tusitoke katika kosa moja tukaingia katika jingine. Kusifu mambo ya jadi pasipo kuyapima ni uvivu vilevile. Kazi ya kuchimba ngoro imewaelemea wanawake. Kihamba kilirithiwa na wana wa kiume, na kwa kugawanywa kizazi baada ya kizazi kimekuwa kidogo mno. Wakara wengi walihama kisiwa chao kwa kukosa ardhi. Kijiji kinachojitegemea si kijiji kilichojifungia. Ni kijiji kinachojua alichonacho jirani yake na kujifunza kwake. Mhakiki anayetaka ukweli kwa mshairi wa mwaka 1970 hana budi kuutaka kwa mshairi wa leo pia.

Washairi wa pwani walipotunga juu ya chombo, walitaja mlingoti, foromali, tanga, omo na tezi, kwa kuwa walikijua chombo. Tunataka ushairi wa shamba wenye ujuzi kama huo. Mwalimu amtume mwanafunzi kwa bibi yake akaulize majina ya mbegu, majina ya udongo, na kwa nini mmea huu hukaa kivulini mwa ule. Kisha atunge, naye alitafutie kina kila neno alilolipata, lijapokuwa gumu. Zaidi ya hayo, shule inayotumia shamba kuwaadhibu watoro na wachelewaji haina haki ya kuwafundisha ngonjera za kilimo, kwa sababu adhabu hiyo inasema kwa sauti kubwa kuliko ubeti wowote.

Tulipime, basi, kila shairi la kilimo kwa kipimo kimoja kilicho rahisi: je, mkulima akilisikia, atamtambua mtu ajuaye kulima? Asipomtambua, shairi hilo halijamhusu bado, hata vina vyake viwe kamili na mizani yake itimie.