Joka Moja, Watu Wanne

Masala Kulangwa alianza na panzi. Katika ngano ambayo Wasukuma wa Shinyanga, Mwanza na Geita wamewasimulia watoto wao tangu enzi, dude liitwalo Shing'weng'we limemeza watu wote pamoja na ng'ombe wao. Amebaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Mtoto anazaliwa, anakua, anauliza watu wako wapi. Akishaambiwa, anaingia porini, na anarudi na panzi: mama, nimeliua. Siyo hilo, mwanangu. Anarudi na ndege. Siyo. Anarudi na paa, kisha swala. Siyo, bado. Mpaka siku anapokutana na Shing'weng'we mwenyewe.

Walimu wa fasihi huona hapo malezi na ushujaa. Mimi nimezoea kuendesha michezo ya kuigiza ya mezani, na ninachokiona ni kazi ya fundi aliyejua kupima uzito wa pambano. Fani hiyo ina vitabu vizito huko Marekani, na bado vitabu hivyo vinahangaika na jambo ambalo msimulizi wa Kisukuma alilimaliza kwa mdudu mmoja.

Kwa asiyeujua mchezo: Dungeons & Dragons ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni mwendesha mchezo, anasimulia dunia na kuwachezesha maadui. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, mpiganaji, mchawi, mganga, mjanja. Jambo lenye hatari huamuliwa kwa dadu ya pande 20. Mhusika ana pointi za uhai. Zikifika sifuri anaanguka. Wahusika hupanda ngazi kadiri wanavyopata uzoefu, na kila adui amepewa namba ya ugumu ili mwendesha mchezo ajue anamkutanisha nani na nani.

Namba hiyo ndiyo inayodanganya. Chukua joka jekundu kijana katika toleo la tano la mwaka 2014. Ugumu wake ni 10, uhai wake 178, na mtu anayetaka kulipiga lazima afikishe 18 kwa dadu yake pamoja na nyongeza zake. Tuliweke mbele ya wahusika wanne wa ngazi ya tano. Mpiganaji wa kawaida wa ngazi hiyo ana uhai wa 44 hivi, mchawi 32. Joka likipuliza moto, linarusha dadu 16 za pande sita, wastani 56. Kukwepa nusu ya moto huo mhusika anatakiwa apate 17. Mwenye nyongeza ya 2 atafanikiwa mara 30 katika mia. Kwa hiyo pumzi ya kwanza kabisa, kabla wachezaji hawajakaa sawa kwenye viti, inaweza kumwangusha mpiganaji na mchawi kwa mpigo mmoja. Wote wanne wakiwa na nyongeza hiyo hiyo na wamesimama kwenye moto, karibu mara moja katika nne hakuna hata mmoja atakayekwepa.

Sasa geuza upande. Pumzi ikishatoka hairudi mpaka joka lipate tano au sita kwenye dadu ya pande sita mwanzoni mwa zamu yake, yaani nafasi moja katika tatu. Uwezekano kwamba zamu tatu zitapita bila moto ni nane katika 27, kama asilimia 30. Wahusika wanne, kila mmoja akipunguza pointi kumi hivi kwa mzunguko, wanalimaliza joka katika raundi tano. Maana yake ni kwamba joka hilo hilo, kwa wahusika hao hao, usiku mmoja linaunguza kundi zima na usiku mwingine linauawa likiwa limepuliza mara moja tu. Ukiuliza wastani utaambiwa pambano ni gumu lakini linachezeka. Wachezaji hawachezi wastani. Wanacheza usiku mmoja.

Mzizi wa tatizo ni zamu. Shing'weng'we na Masala Kulangwa ni mmoja kwa mmoja: yeye anatenda, dude linatenda. Mezani joka lina zamu moja na wahusika wana nne. Wanne wanaweza kulizingira, mmoja akaliziba macho kwa uchawi, mwingine akampa mwenzake nguvu, na kila zamu yao ikazaa nyingine. Adui wa peke yake karibu daima hupoteza vita hiyo ya hesabu, hata akiwa na uhai mwingi. Watunzi wa toleo la 2014 waliliona hilo, ndiyo maana joka lililokomaa, la ugumu wa 17, walilipa vitendo vitatu vya ziada linavyotumia baada ya zamu za wengine, na haki ya kujinusuru mara tatu kwa siku pale uchawi unapolinasa. Joka kijana hawakulipa. Lilibaki na zamu moja na moto mzito, na kwa maoni yangu moto huo ni kiraka: wamefidia uchache wa zamu kwa ukubwa wa pigo. Hapo ndipo bahati inapotawala badala ya akili.

Waendeshaji wengi wakiona joka limekufa haraka, wiki inayofuata wanaliongezea uhai. Ni dawa mbovu. Joka la uhai 300 linarefusha raundi, na katika raundi hizo za nyongeza dadu ya moto inarushwa mara nyingi zaidi. Umechosha watu, na umewaunguza pia.

Ninachopendekeza kinaanza na ardhi, na ukanda wetu wa dhahabu umetupa mifano miwili ya wazi. Buzwagi, pale Kahama, ulikuwa mgodi wa shimo la wazi. Ulianza uzalishaji 2009 ukafungwa 2021. Bulyanhulu, si mbali na hapo, ni wa chini ya ardhi. Joka linapenda dhahabu, basi liweke kwenye mmoja wapo. Katika shimo la wazi linaruka futi 80 kwa zamu moja, linakaa juu kusubiri pumzi irudi, na mwenye upanga amebaki kutukana. Hapo joka limepanda ngazi mbili bila kuongezewa pointi hata moja. Wahusika nao wana kingo za shimo, zile ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, za kujibanza moto usiwafikie. Chini ya ardhi mabawa hayana kazi, lakini moto wa futi 30 unajaza njia yote na hakuna pa kutawanyika. Kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo lililozuiwa kwa magogo, moto unachoma hata magogo, na kila anayejua machimbo anajua kinachofuata. Namba ya ugumu kitabuni ni ile ile sehemu zote tatu.

Kisha punguza pigo la kwanza, ulete la pili kwa uhakika. Badala ya dadu 16, rusha kumi: wastani 35. Mchawi mwenye 32 bado anaweza kuanguka, mpiganaji mwenye 44 anabaki amesimama na ana jambo la kuamua. Dadu ya kurudisha pumzi iondoe. Joka lipulize raundi ya kwanza, ya tatu na ya tano, na zamu moja kabla ya hapo waambie wachezaji kwamba koo lake limeanza kuwaka. Sasa wanajua. Wanaweza kutawanyika, kujificha, au kupiga kwa nguvu zote kabla halijafungua mdomo.

Kujua ndiko hasa msimulizi alikotangulia. Mama wa Masala Kulangwa hamfundishi mwanawe kupiga. Kila mara anampa taarifa moja tu, kwamba hilo alilolileta siyo. Pwani kuna ngano yenye ufundi huo huo, ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere aliichapa mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Zanzibar: kijana anamsaka nunda mla watu, anamletea mama yake mnyama baada ya mnyama, mpaka tembo, na bado siye. Msikilizaji anapofika kwa nunda ameshapewa kipimo. Mezani fanya hivyo hivyo. Wiki moja walete joka jekundu changa, ugumu wa 4, uhai 75, moto wa wastani wa 24. Wataungua kidogo, watajifunza kwamba moto wa joka unasambaa kwa umbo la pembe tatu, na mganga atatafuta dawa ya kupunguza moto kabla ya safari. Joka kijana likija, kundi ni lile lile kwa namba, ila limekuwa kundi jingine.

Kuna kipande cha ngano ambacho hakuna kitabu cha sheria ninachokijua kilichokitumia ipasavyo. Masala Kulangwa akishaliua dude analipasua kuwatoa waliomezwa, na kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi anakasirika, anataka kumroga, mpaka itafutwe dawa aponywe. Hebu weka wanakijiji ndani ya tumbo la joka lako. Mchawi wa ngazi ya tano ana mpira wa moto wa wastani wa 28, aurushe? Mjanja achome upanga wapi? Ghafla pambano limekuwa gumu bila joka kuongezewa chochote, kwa sababu kila pigo lina mtu wa kulilipia. Ugumu wa namna hiyo hautegemei dadu, na wachezaji wanaushinda kwa kuulizana mezani.

Anayetaka kujaribu aanze na wahusika wanne wa ngazi ya tano, joka changa kwanza, kisha joka kijana lenye moto wa dadu kumi na watu watatu tumboni, ndani ya shimo la wazi lenye kingo. Uhai uache pale pale kwenye 178. Likifa raundi ya nne na wahusika wawili wako chini, umepima vizuri.