Nanasi la Uzi

Ukitaka kumjua aliyefuma kitambaa cha kochi kwa kroshia, usitazame maua yake. Kigeuze. Matundu yakiwa sawasawa hadi ukingoni, na ncha ya uzi imefichwa usiweze kuipata kwa kidole, basi aliyekifuma ana mkono. Kitale na Bungoma wenye mkono huo ni wengi, na sioni kama tumewahi kuwasifu inavyowastahili. Tunaegemeza vichwa kwenye kazi yao, tunaiwekea redio na televisheni juu, kisha tunaiita mapambo.

Mama anayeuza nyanya soko la Chepkube, Bungoma, hufuma kati ya mteja na mteja. Kitale, asubuhi zile za baridi, utamkuta mwingine kibandani amejifunika leso, donge la uzi limewekwa ndani ya bakuli lisiviringike vumbini. Anakupa bei, anakurudishia chenji, anamjibu jirani, na hesabu haijampotea.

Anayeanza hupewa cheni tu: kitanzi ndani ya kitanzi, urefu wa mkono, kisha afumue na kuanza upya. Sindano, yenye ndoano nchani, iko mkono wa kulia, lakini kazi yenyewe iko mkono wa kushoto. Uzi unapita juu ya kidole cha shahada na kubanwa na kidole cha mwisho, na vidole hivyo viwili ndivyo vinavyoamua uzi utoke kwa kasi gani. Ukikazwa, ndoano haipenyi safari ya pili. Ukilegezwa, kitambaa kinalala ovyo hata ukikipiga pasi.

Baada ya cheni huja nguzo. Zungusha uzi mara moja kwenye sindano, penyeza ndoano, vuta: vitanzi vitatu vimekaa sindanoni. Shika uzi, pitisha kwenye viwili, vinabaki viwili. Shika tena, pitisha kwenye viwili, kimebaki kimoja. Kitanzi hicho kimoja ndicho kinachoshikilia kazi yote, saa zote. Kikichomoka na uzi ukavutwa, jioni nzima inafumuka. Lakini kwa sababu hiyohiyo hakuna kosa lisilorekebishika. Kukhu, yaani bibi, anayefundisha hachoki kusema, “Fumua, mwanangu,” na hasemi kwa ukali.

Hesabu ndiyo inayonishangaza kuliko yote. Duara likianza na nguzo 12, mzunguko wa pili huwa na 24, wa tatu 36, wa nne 48. Punguza nguzo, kitambaa kinajikunja kama bakuli. Zidisha, ukingo unapiga mawimbi. Kosa halionekani papo hapo. Linajitokeza mizunguko miwili mitatu baadaye, na mwenye uzoefu hulihisi kwa kidole kabla ya jicho.

Kisha kuna nanasi, ruwaza inayopendwa sana sebuleni kwetu. Linaanza na kipepeo cha nguzo zilizobanana, juu yake safu ya matao madogo ya cheni. Kila mstari unapoteza tao moja: tisa, nane, saba, mpaka linabaki moja kileleni. Pembeni nguzo zinapanda mbili mbili kama ua wa shamba, zikilizunguka nanasi bila kuligusa.

Ulaya iko lesi nyingine, ya vijiti, iliyoshamiri Italia na Flanders tangu karne ya 16. Kitabu cha ruwaza zake, Le Pompe, kilichapwa Venice mwaka 1559. Nyuzi nyingi, kila moja na kijiti chake, zinapishanishwa na kusokotwa jozi kwa jozi juu ya mto uliochomekwa pini. Ni kazi ya heshima kubwa, ila inataka ukae mahali pamoja. Kroshia inataka uzi mmoja na sindano moja. Ireland, njaa kuu ilipoanza mwaka 1845, wanawake waliifuma na kuiuza ili nyumba zao zile. Hapa kwetu inaingia kikapuni na kupanda matatu ya Kiminini.

Kenya, kazi za sindano zilifundishwa na misheni, kisha na vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoundwa mwaka 1952 na kumpata kiongozi wake wa kwanza Mwafrika, Phoebe Asiyo, mwaka 1958. Siku hizi ruwaza nyingi hazipitii darasani wala kitabuni. Kitambaa cha jirani kinaazimwa, kinatandazwa mapajani, nguzo zinahesabiwa moja moja kutoka katikati, na baada ya wiki chache kuna cha pili. Kusoma kitambaa namna hiyo ni elimu kamili, na bei tunayowapa akina mama hawa hailipi hata hesabu yake, sembuse macho.

Anayetaka kujifunza aanze na uzi mnene mweupe. Uzi mweusi humficha mwanafunzi matundu. Halafu aketi upande wa kushoto wa mwalimu wake, karibu kabisa, avitazame vile vidole viwili.