Istilahi za Hadithi Fupi Madarasani

Istilahi za fasihi zinazotumika katika shule zetu za sekondari zimekusudiwa, kwa sehemu kubwa, kumwezesha mwanafunzi kuhakiki kitabu kilichokwisha andikwa. Dhamira, ujumbe, msimamo, falsafa, migogoro: haya yote ni majina ya vitu vinavyotafutwa ndani ya kazi ya mtu mwingine. Kwa shughuli hiyo yamefaa, wala si nia ya makala haya kuyabeza. Lakini kijana wa kidato cha pili huko Mwanza, Sengerema au Ukerewe anapoambiwa atunge hadithi fupi, majina hayo humwacha mikono mitupu. Analo neno la kila kinachopatikana baada ya hadithi kwisha. Hana neno la kile anachopaswa kukifanya katika mstari wa kwanza.

Tuanze na jina lenyewe. "Hadithi fupi" ni istilahi iliyokwisha kukubalika Tanzania na Kenya, na hapana haja ya kuitafutia mbadala. Taabu iko katika fasili. Kwa kuwa jina linataja urefu tu, fasili za darasani nazo aghalabu hutaja urefu: ni hadithi isiyo ndefu, yenye wahusika wachache. Mwanafunzi hufahamu, na ana haki kufahamu hivyo, kwamba hadithi fupi ni riwaya iliyopunguzwa. Mpe kichwa "Maisha ya Mvuvi", naye atamzaa mvuvi katika aya ya kwanza, atamwoza katika ya pili, atamzamisha ziwani katika ya tatu, kisha afunge kwa onyo juu ya ulevi. Amefuata fasili aliyopewa. Kosa si lake.

Mmarekani Edgar Allan Poe, alipozihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne mwaka 1842, naye alitaja urefu: kazi ya kusomwa kwa kikao kimoja, baina ya nusu saa na saa mbili. Ila kwake urefu ulikuwa tokeo tu. Kilichotangulia ni athari moja aliyoikusudia mwandishi, ambayo kila sentensi yapaswa kuitumikia. Nusu hii ya pili ndiyo inayokosekana katika fasili zetu, nayo ndiyo inayomfaa mtungaji. Mathalan, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huvua usiku kwa taa, na hutegemea giza. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazivuti samaki, na mitumbwi hupumzika mwaloni. Usiku wa kwanza wa mapumziko hayo baba yumo nyumbani, fedha hana, na mtoto hajathubutu kusema kwamba kesho anatakiwa shuleni na daftari jipya. Hapo pana hadithi fupi nzima, bila mtu kuzaliwa wala kufa.

Kuiandika, hata hivyo, kunahitaji istilahi ya pili ambayo bado hatujaikubali rasmi. Ziko namna mbili za kusimulia. Moja hukusanya miaka mitano katika sentensi moja; nyingine humweka msomaji mahali pamoja, kwa saa moja, asikie linalosemwa na kuona linalotendwa. Namna ya kwanza twaweza kuiita muhtasari bila ubishi. Ya pili huitwa na baadhi ya walimu "tukio", lakini tukio ni neno pana mno; hata kifo kilichotajwa kwa maneno mawili ni tukio. "Mandhari" nayo imekwisha pewa kazi nyingine. Mimi naona "onyesho" lafaa. Mwanafunzi amekwisha kulisoma katika tamthiliya na anajua lina mahali, wakati na watu. Kanuni ya kutumia neno lililopo kabla ya kubuni jipya inatimizwa, na mwalimu hapati mzigo wa kufafanua.

Mfano wake hauko mbali. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 kazi yake juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Ni kazi ndefu sana, juzuu mbili, kinyume kabisa cha hadithi fupi. Lakini Myombekere anapowafuata wakwe ili kumrudisha mkewe, na kutozwa faini ya pombe ya ndizi, mwandishi hatuambii kwa ufupi kwamba mume alijuta. Hutupeleka naye. Mwalimu anayetaka darasa lione onyesho ni nini akate kurasa chache hapo, azisome kwa sauti, na aachane na swali la dhamira kwa siku hiyo.

Mtaala nao una sehemu yake. Kwa miaka mingi orodha ya vitabu teule vya kidato cha tatu na cha nne nchini Tanzania ilikuwa na mafungu matatu: ushairi, riwaya na tamthiliya. Kenya, kwa upande wake, ilitahini diwani za hadithi fupi, mojawapo ikiwa Mayai Waziri wa Maradhi na Hadithi Nyingine ya mwaka 2004, ambayo imechukua jina lake kutoka hadithi ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Hivyo kijana wa Kisumu alimsoma Kezilahabi wa hadithi fupi kwa ajili ya mtihani, na kijana wa Nansio hakulazimika. Tusiwasifu majirani kupita kiasi, lakini. Insha yao ya kutunga kisa cha kuthibitisha methali, ambayo hata kwetu si ngeni, humpa mtoto mwisho kabla hajapata mwanzo.

Imebaki istilahi moja ngumu. "Nafsi" tumeiazima kutoka sarufi, nayo haisemi ni nani anayeona. Hadithi ya nafsi ya tatu yaweza kubanwa ndani ya macho ya mtoto yule wa mvuvi, asijue hata kidogo baba anawaza nini. "Mtazamo" lingefaa, ila limekwisha kufungwa pamoja na msimamo na falsafa ya mwandishi, na darasani lina harufu ya itikadi. Napendekeza "jicho la msimulizi". Wapo watakaosema neno hilo ni la kawaida mno kuwa istilahi. "Kilele" kilitoka mlimani, na "msuko" ukatoka kwenye ukili na nywele, wala hakuna anayeyalalamikia leo. Mwalimu akiandika pembeni mwa daftari kwamba hapa jicho limehama, mwanafunzi atajua pa kusahihisha. Akiandika kwamba mtazamo haueleweki, atadhani ameulizwa habari za siasa.