Kijumba Hakimfichi Fundi

Fundi wa jumba kubwa ana mahali pengi pa kusitiri makosa. Ukuta ukipinda, plasta itaunyoosha. Waya zikipitishwa ovyo, dari itazifunika na huenda mwenye nyumba asijue mpaka siku umeme utakapoleta balaa. Anayegeuza gari la mizigo kuwa makazi, au anayejenga kijumba juu ya trela, hana bahati hiyo. Humo ndani kila kiungo kiko karibu na mkono: mkazi hukigusa akiamka, hukigusa akipika, tena hukisikia kikilia gari linapopita kwenye mashimo. Picha za vijumba hivi huonyesha mito mizuri na kikombe cha kahawa dirishani. Ufundi wenyewe umo nyuma ya mbao, na ndiko nitakakokupeleka.

Tuanzie Uingereza ya karne ya 19, kwenye magari ya kukokotwa na farasi ambamo familia za Waromani, jamii ya wahamaji, ziliishi, yaitwayo vardo. Mengi yalitengenezwa na karakana zilizobobea, kama ya Dunton katika mji wa Reading. Mpangilio wa ndani ulikuwa umeshatulia: mlango mbele, kitanda nyuma kikikingama upana wote wa gari, na chini yake pango lenye vijilango vya kusukuma, ambamo watoto walilala. Jiko la chuma lilikaa kushoto kwako unapoingia. Waingereza huendesha upande wa kushoto wa barabara, na kwa kuwa unaingia ukiwa umempa kisogo farasi, kushoto kwako ni upande wa katikati ya barabara. Bomba la moshi likitokea huko, halikwaruzwi na matawi ya miti ya kando ya njia.

Sasa sogea uangalie nguzo za ubavuni. Mtu akiona kingo zake zilivyoparwa mshazari na kutiwa rangi nyekundu na dhahabu, atasema ni nakshi tu. Ufuate mparo huo kwa kidole: unaanza kidogo baada ya kiungo, unateremka na nguzo, kisha unakoma kabla ya kiungo kinachofuata. Pale penye kiungo mti umeachwa mzima, kwa sababu hapo ndipo tundu na ulimi vinaposhikana na ndipo nguvu inapohitajika. Katikati ya viungo mti ulikuwa na unene wa ziada, na fundi akauondoa kwa patasi, nguzo baada ya nguzo. Kila ukanda ulioondolewa ulikuwa mzigo uliompungukia farasi. Mpaka rangi alikuja baadaye, akakuta pambo lake limeshachorwa na hesabu ya uzito. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fundi huyu aliupima mzigo wa mnyama kana kwamba angeuvuta yeye.

Farasi alipoondoka, hesabu ya uzito ilibaki. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kutengeneza sanduku la samani la kuingizwa ndani ya gari la Volkswagen: siku za kazi gari linabeba mizigo, siku za mapumziko linalaza watu. Leo mafundi wa Ulaya hupendelea magari marefu ya bati kama Mercedes Sprinter na Fiat Ducato, na katika nchi nyingi huko leseni ya kawaida huishia kwenye gari la kilo 3,500 pamoja na kila kilichomo. Tangi la lita 100 za maji ni kilo 100. Fundi anayejua kazi hulilaza chini, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, kisha huweka betri upande wa pili ili gari lisiegemee. Akilipandisha juu nyuma ya kitanda kwa sababu nafasi ilikuwepo, dereva atalijua kosa hilo kwenye kona ya kwanza.

Lakini adui mkubwa wa makazi ya bati ni mvuke. Mtu aliyelala usiku kucha hutoa, kwa pumzi na kwa ngozi, maji yanayokaribia robo lita. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua jikoni hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yote yakiwa mvuke. Wakati wa baridi, mvuke huo ukigusa bati hugeuka matone, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Matone huteremka nyuma ya mbao, hukaa kwenye mikunjo ya chuma, na kutu huanza kula mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Hapa ndipo fundi mvumilivu anapojulikana. Mwenye haraka hujaza sufu au povu kwenye nafasi pana, kisha anafunga. Mvumilivu hurudi kwenye mbavu za gari, vile vyuma vinavyounganisha ngozi ya nje na ukuta wa ndani, maana baridi husafiri kupitia chuma hata kama pembeni yake pamejazwa vizuri. Hufunika kila ubavu, asiache parafujo inayogusa nje na ndani kwa pamoja. Halafu hupiga magoti na kukagua vijitundu vilivyo chini ya milango. Kiwandani viliachwa makusudi ili maji ya mvua yanayopenya kwenye mpira wa kioo yapate pa kutokea. Akiviziba kwa povu, ameufanya mlango kuwa ndoo.

Hata hivyo, hakuna kihami kinachoshinda hewa inayopita, ndiyo sababu lazima paa litobolewe kwa ajili ya feni. Kukata shimo kwenye paa zima la gari la thamani kunahitaji moyo, na fundi mzuri hutumia muda mwingi katika kujiandaa kuliko katika kukata. Hupima kwa ndani, hutoboa matundu madogo kwenye pembe nne, hupanda juu na kupima tena kwa nje. Huzungushia mahali hapo gazeti na utepe wa karatasi. Kisha msumeno hufanya kazi yake kwa dakika chache. Kazi inayofuata ni ya tupa: kulainisha ukingo mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, kuupaka rangi ya kuzuia kutu, na kusubiri ikauke sawasawa kabla ya kuweka gundi ya kuzuia maji. Mwisho hukunja gazeti kwa uangalifu, akihakikisha hakuna chenga ya chuma iliyobaki juu ya paa. Chenga moja ikilala kwenye rangi na kunyeshewa, itaacha doa la kutu.

Utaratibu huohuo utauona kwenye gesi na umeme. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni. Kwa hiyo mtungi hufungiwa kwenye kisanduku kisichopitisha hewa kuelekea chumbani, na sakafu ya kisanduku hicho hutobolewa tundu linalotokea nje, chini ya gari. Tundu hilo haliwekwi kizibo. Upande wa umeme, betri ni za volti 12, na kifaa cha wati 2,000 huvuta kwazo zaidi ya ampia 160. Ndipo unapoona waya nene na fyuzi iliyo karibu kabisa na betri. Kila waya unapopenya kwenye chuma huvishwa pete ya mpira, kwa sababu gari hutetemeka, na ukingo wa bati ukisugua waya kwa miezi kadhaa utaukata ganda.

Vijumba vya trela vya Marekani vina mtihani wao. Kwa kawaida barabara za huko haziruhusu upana unaozidi mita 2.6 au kimo kinachozidi takriban mita 4.1 bila kibali maalumu. Dee Williams, mwanamke aliyejijengea kijumba cha mita za mraba zisizofika 8 mwaka 2004 na kukiweka uani kwa marafiki zake mjini Olympia, jimbo la Washington, alipata umaarufu kwa kuonyesha kwamba maisha kamili yanaweza kuenea katika vipimo hivyo. Kitanda hupandishwa juu, na jiko hubaki chini yake. Fundi hugawa kimo hicho kwa sentimita: akimpa mpishi nafasi ya kusimama, anampunguzia mlalaji nafasi ya kuketi. Kanuni za mfano za ujenzi za mwaka 2018 nchini humo ziliweka nyongeza ya vijumba visivyozidi mita za mraba 37, zikitaka vyumba vya kuishi viwe na kimo cha zaidi kidogo ya mita 2, na aliye juu awe na dirisha la kutokea. Sababu yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kupanda ngazi ile: moto ukianzia jikoni, ngazi ndiyo inayoanza kuzibwa.

Huko California, tangu mwaka 2017 sheria za jimbo zimerahisisha ujenzi wa vijumba vya uani, na wengi humweka humo mzazi mzee au mpangaji. Kwetu chumba cha uani ni jambo la siku zote, na aghalabu hujengwa kwa matofali yaliyobaki na bati la zamani, eti ni kichumba tu. Mafundi niliowaeleza wanatufundisha kinyume chake: udogo ndio unaodai umakini zaidi. Ukijenga chumba cha uani Mbagala, Kisauni au Kayole, weka madirisha mawili yanayotazamana ili hewa ipite. Mpishi umtengee mahali pake nje ya chumba cha kulala, maana jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Mtungi wa gesi usiwekwe mahali ambapo gesi ikivuja haina pa kutokea. Mwulize fundi wako mambo hayo kabla mchanga haujamwagwa, na umlipe vizuri kwa siku ile ambayo kazi yake haitaonekana.